Maneno ya Mke wa Harodi

Mjomba Kolumba alikikataa kiti. Mosi, mwenyeji wetu ukumbini, alikuwa amemtengea kiti cha mbele, chenye mto, lakini yeye alichagua benchi la nyuma karibu na mlango, akalikunja koti lake akalikalia, akanionyesha nikae kuliani kwake.

"Sinema ikinichosha nitoke bila kusumbua watu," alisema. "Lori la kabichi linarudi Mgeta saa kumi na moja, na dereva wetu hamngoji hata mama yake."

"Haitakuchosha, Mjomba."

"Umeshaiona?"

"Bado. Hakuna aliyeiona. Imeteremshwa asubuhi hii kwenye basi la Dar."

"Basi mmenikaribisha chakula ambacho hata nyinyi hamjakionja." Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

Nilijua alichokuja nacho. Alikuja kumkataa Andrea. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba yangu angeweza kumpenda Andrea hata akamwachia kitanda chake, na bado isingekuwa ndoa. Neno ni la mjomba. Na mjomba wangu, mtu wa matuta ya kabichi na misa ya kwanza, alikwisha kusikia kwamba kijana anayemtaka mpwa wake amechukuliwa na bendi moja ya Dar es Salaam, bendi ya magitaa ya umeme, na kwamba Jumatatu atapanda gari lao kwenda kupiga muziki Mbeya, kisha Lusaka, kisha huko ambako hata ramani ya darasani kwangu haifiki.

"Mpiga gitaa ni mtu wa barabara," alimwambia mama yangu. "Mimi siozeshi barabara."

Wazo la sinema lilikuwa la Andrea.

"Mwache aje aone," aliniambia. "Ni filamu ya kweli, si ya kuigiza. Wamemfuata mwanamuziki wa Uingereza na kamera, kazini na nyumbani. Mjomba ataona mpiga gitaa ana mke, ana nyumba, ana heshima zake. Nikimweleza mimi ataniona mwongo. Akijionea mwenyewe, atabisha nini?"

Nikakubali. Ukipenda unakubali mengi.

Chama chetu hakikuwa na cheti wala bendera. Tulikuwa watu wa Mwembesongo na mitaa ya jirani tuliougua ugonjwa mmoja, magitaa. Mosi, fundi wa redio mwenye nywele ndefu kama kichaka, alikuwa kiongozi wetu kwa sababu santuri zilikuwa zake. Kila filamu ya wanamuziki iliyoweza kuombwa Dar, tuliiomba. Tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi mchana kweupe, tukatazama, kisha tukatoka nje kuichambua. Huko kuichambua ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe. Mtu hakuruhusiwa kwenda kwake bila kutoa maoni. Nimewahi kuona marafiki wakinuniana kwa sababu ya mpiga ngoma wa Ulaya ambaye hakujua hata kama kuna mji unaitwa Morogoro.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha wengi wetu kiliishia kwenye majina ya nyimbo. Aliyetutafsiria ni Andrea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mshahara: kuzunguka vijijini na gari la sinema za kilimo na afya, mkono mmoja kwenye projekta, mwingine umeshika kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa Kiswahili yanayosemwa kwa Kiingereza. Wanavijiji walimpenda kwa sababu alitia chumvi. Mbu wa malaria akitokea kwenye kitambaa cha sinema, Andrea alimpa jina la mlevi wa kijiji hicho, na watu walicheka mpaka wakagaagaa. Nami nilimpenda kwa hilohilo, Mungu anisamehe.

Siku ile aliingia ukumbini akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bugaluu lake, suruali yenye miguu mipana, aliliacha nyumbani. Raizoni zake za soli nene pia aliziacha, akaazima viatu vya kiheshima ambavyo vilimbana, maana alitembea kama mtu anayekanyaga makaa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu, akainama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayenisemea hao Wazungu?"

"Ndiye mimi, Mjomba."

"Sema taratibu basi. Masikio yangu ni ya mlimani."

Andrea akanitazama. Mtazamo mmoja tu, wa haraka, lakini nilihisi joto likinipanda kutoka kifuani mpaka kwenye ncha za masikio. Kisha akaenda kwenye mashine yake, Mosi akashusha blanketi la mwisho, na giza likatumeza sote.

Mwanamuziki mwenyewe alikuwa na jina refu ambalo Mosi alilikata likabaki Harodi. Tulimwona Harodi kwenye jukwaa, shati limeloa, gitaa linalia kama kitu kilichochomwa moto. Tulimwona ndani ya ndege. Tulimwona amelala kwenye kochi la hoteli na viatu vyake miguuni. Meneja wake aliongea, dereva wake aliongea, hata kijana anayembebea magitaa aliongea. Andrea aliwapa wote Kiswahili kitamu, na kila watu walipocheka nilimwona Mjomba akiegemea mbele kidogo zaidi.

"Huyu anafanya kazi," alininong'oneza. "Sikujua kama inatoa jasho namna hii."

Moyo wangu ulianza kutulia.

Ndipo ikaja sehemu ya jikoni.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama dirishani, nje ukungu, mikono yake ndani ya maji ya vyombo. Alikuwa mke wa Harodi. Hakuitazama kamera. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza ambacho nilikielewa neno kwa neno:

"Nimeolewa na sanduku la safari. Likirudi nyumbani linalala. Siku binti yangu akiniambia ameposwa na mpiga gitaa, nitafunga mlango kwa ufunguo."

Kipaza sauti kilinyamaza. Ilisikika projekta tu, ikitafuna mkanda wake. Watu wakageuza vichwa nyuma kumtazama Andrea. Nami nikageuka. Mwanga mdogo wa mashine ulimpiga usoni, na nikaona macho yake hayako kwenye kitambaa. Yalikuwa kwa Mjomba.

"Anasema…" Akakohoa. "Anasema, mume wangu husafiri, ndiyo, lakini akirudi nyumba nzima hucheka. Anasema, siku binti yangu akiposwa na mpiga gitaa, nitafungua mlango kwa mikono miwili."

Ukumbi ulipiga makofi. Kwenye kitambaa yule mama alijifuta macho kwa mkono wenye povu.

"Machozi ya furaha hayo," kipaza sauti kilisema.

Mke wa Harodi aliendelea kusema. Chini ya makofi na chini ya sauti ya Andrea, mimi nilikaza masikio nikayapata maneno yake ya mwisho. Kisha filamu ikarudi jukwaani, na gitaa likaanza kulia tena.

Mjomba alinigusa kwa kiwiko. "Yule mama ana akili," alisema.

Ulimi wangu, huu ambao watoto wa darasa la saba wanauogopa kuliko fimbo, niliuuma.

Mablanketi yalipoondolewa madirishani tulibeba mabenchi nje, tukakaa kivulini mwa ukuta wa ukumbi. Milima ilikuwa imevaa wingu lake la mchana. Mwanaheri, muuguzi wa zahanati na rafiki yangu, aligawa chai na maandazi, na uchambuzi ukaanza kabla hajafika mtu wa pili.

"Filamu imetunyima vidole," Mosi alifungua. "Gitaa linalia, wao wanatuonyesha nywele! Nywele si ninazo mimi? Nilitaka kuona kidole cha tatu kinakwenda wapi."

"Vidole vyako hivyo vilivyounguzwa na risasi ya kuchomelea redio vingejifunza nini?" Mwanaheri alimrukia. "Mimi kilichonikera ni mpiga ngoma. Mtu anatoka jasho filamu nzima, hakupewa hata neno moja!"

"Mpiga ngoma hana la kusema."

"Ulimuuliza?"

Watu wakacheka. Mosi akainua mkono kutaka utulivu.

"Nasema hivi. Ile filamu ya mwaka jana, ya wale ndugu watatu, ilikuwa bora. Ilianza na wimbo, ikaisha na wimbo. Hii wametuingiza jikoni! Mtu anakuja kusikiliza gitaa, anaonyeshwa sufuria."

"Jikoni ndimo ilimokuwa filamu, mwanamume wewe! Santuri utanunua, jikoni kwa Harodi utapelekwa na nani?" Mwanaheri aliweka birika chini ili aongee kwa mikono yote. "Mmemsikia yule mke? 'Nitafungua mlango kwa mikono miwili!' Maneno hayo yaandikwe kwenye kanga. Mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua."

"Na mimi nitanunua ya mke wangu," alisema mtu wa nyuma. "Labda ataacha kunifungia nikitoka dansini."

Walicheka tena. Andrea alikuwa amesimama kando, glasi ya chai mkononi, anaichungulia kama kuna kitu kimeangukia ndani.

Mjomba Kolumba akasimama. Kicheko kikakatika chenyewe.

"Nimeambiwa hapa kila mtu hutoa maoni," alisema. "Mimi ni mgeni, sijui vidole wala ngoma. Nilikuja na neno moja tumboni, na neno lenyewe lilikuwa hapana." Alininyooshea mkono bila kunitazama. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Kijana wenu anamtaka. Nilisema simpi mtu wa barabara. Lakini yule mama pale jikoni nimemwona. Kwao kuna ukungu kama kwetu. Ameishi na mambo haya mpaka nywele zinaingia mvi, na bado anamtakia binti yake hayohayo. Kama mama mzazi anasema hivyo, mimi nikatae nimeona nini?" Akamgeukia Andrea. "Lori liende. Nitalala mjini. Kesho baada ya misa ya kwanza niletee wazee wako, tuzungumze."

Mwanaheri alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani akakimbia. Watu walimzunguka Andrea, wakampiga mgongoni, na yeye alicheka kwa uso wote isipokuwa macho. Macho yalikuwa yananitafuta.

Nilikuwa nimeliota neno lile la Mjomba tangu masika. Nililisikia sasa, mchana, mbele ya watu, na lilikuwa limetolewa kwa mwanamume ambaye hakuwapo.

"Tulieni!" Mosi alipiga benchi. "Mwalimu Modesta hajatoa maoni. Bibi harusi au si bibi harusi, sheria ni sheria."

Wote wakanigeukia. Mjomba naye alinigeukia, akitabasamu, na sijamwona mtu huyo akitabasamu mara nyingi.

"Maoni yangu ninayo," nilisema. "Lakini kwanza nina swali kwa mtafsiri. La pembeni."

"Wameshaanza!" Mwanaheri alishangilia.

Nilitangulia hadi nyuma ya ukumbi, penye bomba la maji. Andrea alinifuata akichechemea ndani ya viatu vya watu. Hatukuwa tumesimama vizuri akanishika mikono yote miwili.

"Modesta, tumepata! Mpenzi wangu, tumepata!"

Niliichomoa mikono.

"Yule mama alisema nini?"

"Mama yupi?"

"Usinichezee, Andrea. Kiingereza ninakifundisha."

Furaha ilimtoka usoni. Alitazama bomba, akatazama milima, mwisho akanitazama mimi.

"Ningefanya nini?"

"Ungesema alichosema."

"Mjomba wako amekaa pale na koti lake kama jaji! Ulitaka nijihukumu mwenyewe? Kwa sauti yangu, kwenye kipaza sauti? Sikujua kama kuna sehemu hiyo, Modesta. Naapa sikujua. Imenirukia kama nyoka. Nilikuwa na pumzi moja tu ya kufikiri."

"Na katika pumzi hiyo moja ukaona uongo."

"Nilikuona wewe!" Alisema kwa sauti ya juu, kisha akaishusha. "Nilikuona umekaa pale kuliani kwake, nikaona ninakupoteza. Ningesema kweli, sasa hivi yupo kwenye lori na wewe unalia."

"Ningelia, ndiyo. Machozi yangu mwenyewe, ninajua yametoka wapi. Sasa hivi watu wamenipigia vigelegele na sijui ni vya nani."

"Nimefanya kwa ajili yetu."

"Yetu? Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Uliniuliza saa ngapi?"

"Kuna muda wa kuuliza sinema inakwenda?"

"Hata baada ya sinema hukuniuliza. Ulisimama na chai yako ukamwacha mzee wa watu atoe neno la ukoo mbele ya kadamnasi. Mzee aliyekwambia masikio yake ni ya mlimani, akakuomba umsemee."

Alipangusa uso kwa mkono wa shati lile jeupe. Nilitaka kumshika. Nawaambia kweli, katikati ya hasira ile mikono yangu ilimtaka, nikaifunga nyuma ya mgongo.

"Vijijini huwa natia chumvi," alisema polepole. "Wewe mwenyewe ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu yule alikuwa mbu. Huyu alikuwa mtu. Filamu nzima watu wamemsikiliza mumewe. Wakamsikiliza meneja. Wakamsikiliza mpaka mbeba magitaa. Yeye walimpa dakika mbili, jikoni, mikono ikiwa kwenye povu. Na hizo mbili ukamnyang'anya. Mimi utaniachia ngapi?"

"Wewe si mke wa Harodi."

"Bado. Jumatatu unapanda gari."

Upande wa pili wa ukuta Mosi alikuwa anabishana na mtu kuhusu nyuzi za gitaa.

"Ulisikia alivyomaliza?" nilimuuliza.

"Alimaliza? Si pale pa mlango?"

"Hukusikia. Ulikuwa unasema wewe. 'Machozi ya furaha hayo.' Ulimfunika sauti."

"Alisema nini?"

Nilimwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila chumvi.

"Alisema: 'Lakini yule mtu hakunidanganya hata siku moja. Aliponiposa aliniambia gitaa litatangulia, na mimi nitafuata nyuma. Nilimkubali nikiwa macho. Ndiyo maana bado nipo hapa.'"

Andrea aliinama akashika bomba. Nilidhani anataka kunywa maji, lakini alilishika tu.

"Kumbe ningemwacha aseme," alinong'ona.

"Ungemwacha."

"Nikienda kumwambia mjomba wako sasa, atachukua koti lake na kuondoka. Unajua hilo?"

"Najua."

"Nitakukosa."

"Ukinyamaza utaoa, Andrea. Kesho utaleta wazee, watu watakula pilau. Lakini hutanioa mimi. Utamwoa mwanamke uliyemtafsiri. Na mimi nitakaa ndani ya nyumba yako nikisubiri siku nyingine utakapoona bora watu wasinisikie."

Nilitegemea aniombe, anibembeleze, ajue la kusema kama anavyojua siku zote. Badala yake alivua vile viatu vilivyombana, akaviacha pale penye bomba, akazunguka ukuta peku.

Nilimfuata. Nilijua nimemtuma akavunje nini.

"Mjomba," alisema. Alisimama mbele ya benchi la Mjomba, mikono pembeni, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Pale jikoni nilikudanganya. Yule mama hakusema atafungua mlango. Alisema ameolewa na sanduku la safari, na binti yake akiposwa na mpiga gitaa, mlango ataufunga kwa ufunguo. Niliona unatazama, nikaogopa, nikageuza."

Chai ilimwagika mahali fulani. Kisha wapenzi wa magitaa wakalipuka.

"Ati nini?"

"Nimebishana hapa saa nzima juu ya maneno yako mwenyewe?" Mosi alishika kichwa. "Na ile habari ya Harodi kuuza shamba la baba yake anunue gitaa? Nayo umeitunga?"

"Ile kweli."

"Na filamu ya wale ndugu watatu?"

"Kweli tupu, Mosi. Ni hapo tu."

"Na mpiga ngoma?" Mwanaheri alisimama, birika mkononi. "Alisema kitu?"

Andrea akasita. "Alisema kidogo. Nilimruka. Sauti yake ilikuwa ya chini."

"Nilijua!" Mwanaheri alipiga kelele. "Nilijua hawezi kukaa kimya filamu nzima! Mwizi wa maneno wewe!"

Mjomba alimsubiri kila mtu amalize. Halafu akanigeukia mimi.

"Mpwa wangu. Wewe Kiingereza unakijua."

"Ninakijua, Mjomba."

"Ulijua tangu mle ndani?"

"Palepale."

"Na nilipokuwa natoa neno, ulijua."

"Nilijua. Nilitaka aseme yeye."

"Na asingesema?"

"Ningesema mimi, Mjomba. Na nisingemsamehe kwa kunifanya niseme."

Alitikisa kichwa taratibu, akalichukua koti lake, akalikung'uta vumbi. Alichukua muda mrefu kulivaa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Kijana," alisema, "ruhusa nilimpa mtu wa kwenye sinema. Huyo namnyang'anya. Wewe sijakupa kitu, kwa hiyo sijakunyima kitu. Nenda na gari lenu. Ukirudi, panda Mgeta na wazee wako, kwa miguu yako, uje uniambie wewe mwenyewe huyu mtoto utamwacha peke yake kiasi gani. Nitakuuliza na utanijibu. Ukinipunguzia hata punje, usinijie tena."

"Nitakuja, Mjomba."

"Sijamaliza. Ukoo haukuwekei mtu akiba. Akija mwingine kabla yako, nitamkaribisha kiti na nitamsikiliza."

Neno hilo lilinichoma hapa, chini ya kifua. Andrea naye nilimwona akilipokea, mabega yakishuka kama yamewekewa gunia.

"Nimesikia, Mjomba," alisema.

Mjomba akanipa mkono. "Lori bado halijaondoka. Unapanda nami ukamwone mama yako?"

"Nina darasa Jumatatu, Mjomba."

"Darasa," alisema, na sikujua kama anacheka. Akaondoka kwa hatua ndefu za watu wa milimani, akielekea sokoni. Hakugeuka nyuma.

Watu walitawanyika bila kuagana vizuri. Mosi alibeba santuri zake akinung'unika, na Mwanaheri aliniminya bega, akatoweka na birika lake. Ndani ya ukumbi Andrea alikuwa anazungusha mkanda urudi kwenye boksi lake la bati. Mimi nilianza kukunja mablanketi. Jua la jioni liliingia kupitia madirisha matupu, likatuonyesha vumbi lote tulilokuwa tumekalia.

"Modesta."

"Sema."

"Jumatatu nakwenda."

"Ninajua."

"Hujui." Alisimamisha mkanda kwa kidole. "Nilikwambia miezi mitatu. Ni mwaka. Tangu mwanzo walisema mwaka, nami nikakupunguzia."

Blanketi lilinielemea mikononi. Nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa.

"Kwa nini…" nilianza, kisha nikajizuia. "Hapana. Usinipe sababu. Sema tu."

"Hawajasema kama nitapewa likizo. Kuandika siwezi, unanijua, nitaandika mara mbili halafu nitanyamaza." Aliachia mkanda. "Na kuna wakati nikipiga gitaa, nakusahau. Si kwamba sikupendi. Nasahau kila kitu, nasahau hata kama nina njaa. Likiisha ndipo unarudi, na ukirudi naumia. Lakini likiwa linalia, haupo."

Nje, lori zito lilipita likipandisha gia, likiiacha Mwembesongo nyuma. Huenda lilikuwa la kabichi. Huenda halikuwa.

Nilichukia kila neno alilolisema. Nililichukia kwa mwili mzima, kama mtu anayepakwa spiriti kwenye kidonda. Lakini tangu nimfahamu, sikuwahi kumsikia Andrea akiongea bila kututafutia kicheko, na sikuwa na shaka hata na moja ya maneno yale. Nilimtazama pale alipo, peku, shati jeupe limechafuka mkono, uso wake hauna pa kujificha, na nikaelewa kwamba huyu ndiye nitakayemngoja au nitakayemwacha. Yule mwingine, wa maneno matamu, ndiye aliyekuwa akinipotezea muda.

"Umemaliza?" nilimuuliza.

"Bado. Yapo mengine." Aliliweka boksi la bati chini. "Hayapendezi."

Niliweka blanketi pembeni, nikampisha nafasi ya kukaa.

"Endelea," nikamwambia.